Herufi Zisiuawe Njiani: Maandishi, Fonti na Faili la PDF

Mhadhara kwa wabunifu wa michoro, wenye steshenari na makatibu wa ofisi, Kiseke, Manispaa ya Ilemela

Wengi wenu mnakula kwa herufi: kadi za michango na za harusi, mabango ya maduka, fomu za shule, ratiba za ibada, vitabu vya risiti, stika za daladala. Na wengi mmeshapokea ile simu ya mchapaji wa mjini: kazi yako imefunguka, lakini maandishi yamekuja visanduku. Au yamepandana. Au jina la bwana harusi limebadilika sura.

Simu hiyo ikiingia, mbunifu wa kwetu ana jibu moja. Anarudi kwenye CorelDRAW, anachagua maandishi yote, anabonyeza Ctrl+Q, herufi zinageuka michoro, anatoa PDF upya na kuituma. Kazi inachapwa na mteja anachukua mzigo wake. Jibu hilo lina mahali pake, nami nitapataja. Lakini tunalitumia kila mahali, na hapo ndipo nina ugomvi nalo. Linafunika makosa yasiyofanana bila kuyatambua hata moja, na linamnyang'anya msomaji kitu ambacho ni haki yake, yaani maandishi yanayotafutika, yanayonakilika na yanayosomeka kwa sauti. Ukijua kosa liko wapi, huna haja ya kuua maandishi ili yapite.

Tuanze na PDF yenyewe. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe, aliandika waraka mfupi kuhusu tatizo la zama zile: hati iliyotengenezwa kwenye kompyuta moja haikuonekana wala kuchapika sawasawa kwenye nyingine. Mwaka 1993 PDF ikaingia sokoni, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Mizizi yake iko katika PostScript ya mwaka 1984, lugha inayouambia mtambo wa kuchapa uweke kitu gani mahali gani kwenye karatasi. Neno la kushika hapo ni mahali. PDF haipangi aya upya kama ifanyavyo Word. Kila herufi imeshapewa kituo chake kwenye ukurasa, na ikivikwa umbo pana kuliko lile lililokusudiwa, jirani yake hasogei kuipisha. Ndiyo maana maandishi hupandana.

Herufi ndani ya PDF ina mambo matatu, na kila moja linahifadhiwa kivyake. Kuna umbo, yaani mchoro wa herufi. Kuna upana, yaani nafasi inayochukua kabla ya inayofuata. Halafu kuna maana, yaani namba ya Yunikodi inayosema kwamba umbo hili ni a na lile ni b. Umbo na upana vikiharibika, jicho linaona papo hapo. Maana ikiharibika, ukurasa unabaki mzuri kabisa na hakuna anayeshtuka.

Nianze na umbo, kwa kuwa ndilo linaloleta simu. Faili la kazi, liwe la CorelDRAW au la SVG kutoka Inkscape, kwa kawaida halibebi fonti. Linabeba jina la fonti tu. Ukilifungua kwenye kompyuta nyingine, programu inatafuta fonti yenye jina hilo, na ikiikosa inateua nyingine inayodhani inafanana. Ni sawa na msafiri aliyepanda meli ya Bukoba bila begi, akitumaini kuwa wenyeji watakuwa na nguo za kipimo chake. PDF ilitengenezwa ili msafiri abebe nguo zake mwenyewe. Tendo hilo tuliite kupachika fonti. Programu haipachiki fonti nzima, bali maumbo yaliyotumika tu, kwa hiyo faili halinenepi kama watu wanavyohofia.

Kujua kama fonti imepachikwa ni kazi ya nusu dakika. Fungua PDF kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda kwenye orodha ya fonti. Iliyopachikwa imeandikwa Embedded Subset pembeni ya jina lake. Isiyo na maneno hayo, au angalau neno Embedded, ndiyo itakayokuletea malalamiko. Anayetumia Linux, au aliyeweka zana za Poppler kwenye Windows, ana amri iitwayo pdffonts inayotoa jedwali lenye undani zaidi. Humo jina la fonti hutanguliwa na herufi kubwa sita zisizo na maana na alama ya kujumlisha, ishara kwamba kilichomo ni kipande cha fonti. Safu ya emb inajibu kama fonti imo ndani ya faili, na safu ya uni inajibu kama kuna jedwali la maana za herufi. Natamani kila steshenari ya Kiseke iangalie orodha hiyo kabla faili halijatoka mlangoni.

Kwa nini programu iache kupachika? Mara nyingi ni mpangilio. Kwenye dirisha la kutoa PDF kuna mahali pa kuruhusu fonti zipachikwe, na siku moja mtu aliondoa alama ili faili liwe dogo. Kuna pia urithi wa zamani. PDF ilizaliwa na fonti 14 za kawaida, nazo ni jamii za Times, Helvetica na Courier pamoja na mbili za alama, ambazo kila programu ya kusomea ilitarajiwa kuwa nazo, hivyo hazikupachikwa. Leo mteja anafungua kazi yako kwenye simu ambayo haina Helvetica halisi, inaweka fonti iliyo nayo. Pachika hata hizo. Na kuna leseni: ndani ya faili la fonti mna alama inayosema kama mwenyewe ameruhusu ipachikwe. Programu moja ikikuta katazo hugeuza maandishi kuwa michoro bila kukuambia, nyingine huiacha fonti nje ya faili. Fonti zinazozunguka mitaani kwa flashi, zilizohamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kujua asili yake, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko watu wengi, nalo ni ritifaa. Kiswahili kinaihitaji katika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Kisukuma kinaihitaji zaidi, maana kina ng'w na ng'h, na sauti hizo zimejaa katika majina ya watu na ya mahali. Hapa Mwanza huwezi kuandika orodha ya darasa bila kumkuta Ng'wandu, wala ramani ya Wilaya ya Magu bila kata ya Ng'haya. Fonti za mwandiko wa kuviringika, zinazopendwa kwa kadi za harusi, nyingi zilichorwa na mtu aliyemaliza A hadi Z akaweka kalamu chini. Ritifaa haimo. CorelDRAW au Inkscape ikiikosa, inaazima kutoka fonti nyingine, na kwenye kioo huoni kitu kwa sababu alama ni ndogo. Kwa mchapaji ndipo inapogeuka kisanduku, kama fonti ile ya kuazima haikupachikwa. Kwa hiyo ukikuta Arial kwenye orodha ya fonti za kadi ambayo hukutumia Arial hata mahali pamoja, itafute ritifaa. Utaikuta.

Tena ritifaa ina namba zaidi ya moja katika Yunikodi. Ile iliyonyooka ya kwenye kibodi ni 0027. Ile iliyopinda, ambayo Word na wenzake huiweka wenyewe unapoandika, ni 2019. Ya tatu ni 02BC, iliyotengwa kwa ajili ya lugha ambazo alama hiyo ni sehemu ya herufi, kama zetu. Kwa haki hiyo ya tatu ndiyo ingetufaa, lakini fonti nyingi za bei rahisi hazina umbo lake, na kibodi zetu hazina kitufe chake. Tofauti hizi zina uzito. Mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ndefu ya PDF, akaandika Ng'wandu kwa ritifaa iliyonyooka ilhali orodha ina iliyopinda, anaweza kuambiwa jina halipo. Ushauri wangu ni huu: kwenye kadi na vitabu tumia iliyopinda, inapendeza na fonti zote za maana zinayo, kwenye orodha za majina tumia iliyonyooka, kwa sababu ndiyo mtafutaji atakayoibonyeza. Muhimu zaidi, usizichanganye katika hati moja.

Mkitaka mstari wa kujaribia fonti kabla ya kuinunua au kuipakua, tumieni jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025. Ndani ya jina moja mna ũ, ĩ na ritifaa. Fonti ikiliandika sawasawa, na PDF ikalitoa sawasawa, una uhakika mkubwa kwamba itazimudu lugha zetu nyingi. Mpangilio wa zamani wa herufi za Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi ulikuwa na ã na õ kwa ajili ya Kireno, na ñ kwa ajili ya Kihispania. Ĩ na ũ za Kikuyu hazikuwamo. Fonti iliyochorwa kwa kufuata mpangilio ule inamkuta Ngũgĩ na kushindwa. Suala hili linatugusa pia sisi, kwa kuwa Kisukuma kina irabu saba ilhali alfabeti tuliyozoea ina tano, na anayetaka kuandika kamusi au kitabu cha nyimbo akitofautisha zote saba itabidi aweke alama juu ya irabu au atumie herufi za ziada.

Na alama ya juu inaweza kuandikwa kwa njia mbili: ĩ kama herufi moja kamili, au i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachotakiwa kupanda juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja. Katika PDF iliyotolewa na programu isiyojua kupandisha alama, njia ya pili inakupa kiwimbi kilichoteleza pembeni, juu ya nukta ya i. Ukiliona hilo usianze kuchora kiwimbi kwa mkono. Futa, andika upya kwa herufi moja kamili, kisha tumia fonti iliyoijali Afrika tangu mwanzo. Gentium na Charis za shirika la SIL ni za namna hiyo, na leseni yake ya wazi inakuruhusu kuzitumia, kuzipachika na kuwapa wenzako bila kulipa.

Nimesema maana ya herufi hufa bila kelele. Jaribio lake ni jepesi mno hivi kwamba sioni sababu ya mtu kuliacha. Fungua PDF, chagua sentensi moja, nakili, ibandike kwenye Notepad. Kilichobandikwa kikiwa sawa na unachokiona, maana ipo. Kikiwa takataka, umbo limefika na maana imebaki nyuma: jedwali linalounganisha maumbo na Yunikodi halikuandikwa au liliandikwa vibaya.

Kosa la aina hii linalotupata sana linatokana na f na i. Fonti nyingi nzuri huziunganisha herufi hizo mbili kuwa umbo moja, ili kichwa cha f kisigongane na nukta ya i. Kiswahili kimejaa f na i zikifuatana: safi, fika, afisa. Tangazo la Ofisi ya Mtendaji wa Kata linatoka kwenye PDF likiwa zuri, lakini ukilinakili unapata "O si", na anayetafuta neno ofisi haoni kitu. Programu iliyotengeneza jedwali vizuri huandika kwamba umbo lile moja lina maana ya herufi mbili, na tatizo linakwisha. Kama programu yako ni ya zamani na haifanyi hivyo, zima miunganisho ya herufi kabla ya kutoa PDF. Utapoteza urembo kidogo, nami naona ni bei ndogo sana.

Nasema ni bei ndogo kwa sababu nawafikiria wasomaji wasioona. Kule Misungwi, Shule ya Msingi Mitindo inafundisha watoto wasioona pamoja na wenzao. Mtu asiyeona husikiliza hati kwa programu inayosoma kwa sauti, na programu hiyo haiangalii maumbo. Inasoma namba za Yunikodi. Ukimpa barua ambayo maandishi yake yote umeyabonyezea Ctrl+Q, umempa ukurasa mtupu, hata ungekuwa na maneno elfu moja. Hatasikia kitu. Mchapaji hatakupigia simu kulalamika, na mwalimu au mzazi huenda asijue kwamba ni wewe uliyefunga mlango.

Basi kugeuza maandishi kuwa michoro kunafaa wapi? Kunafaa kwa mashine ya kukata stika, ambayo kisu chake kinafuata mstari na hakijui fonti. Kunafaa kwa muhuri unaochongwa kwa leza, kwa nembo ya duka, kwa jina kubwa kwenye bango, na pale mchapaji mwenyewe amekuomba. Hapo tumia Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Shift+Ctrl+O kwenye Illustrator, Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape, na kabla ya kubonyeza hifadhi nakala ya faili yenye maandishi hai. Hakufai kwa maandishi madogo. Fonti nyingi zina maelekezo ya ndani yanayosaidia herufi ndogo zikae vizuri kwenye nukta za kioo na za printa. Ukiigeuza herufi kuwa mchoro maelekezo hayo yanapotea, na masharti ya chini ya fomu yanatoka mazito, yamejaa wino. Faili nalo linakua. Fonti iliyopachikwa huhifadhi umbo la a mara moja tu, na Kiswahili kinaipenda a kuliko herufi nyingine. Ukigeuza kuwa michoro, kila a ya ukurasa inachorwa upya na kuhifadhiwa kivyake.

Wakati mwingine maandishi huacha kuwa maandishi bila wewe kuomba. Weka kivuli laini nyuma ya kichwa cha habari, au fifisha kitu kilichopita juu ya maneno, halafu toa PDF. PDF za toleo la 1.3 hazijui vitu vinavyoonyesha kilicho nyuma yake. Uwezo huo ulikuja na toleo la 1.4 mwaka 2001. Ukitoa kwa toleo la zamani, programu inalazimika kuyeyusha vitu pamoja, na maneno yaliyo chini yanaweza kugeuka picha ya nukta au kunenepa sehemu ya mstari tu. Inkscape nayo hugeuza ukungu na vivuli kuwa picha, na kipimo chake cha kuanzia ni nukta 96 kwa inchi, ilhali kazi ya kuchapwa inataka 300. Ukikuza ukurasa hadi asilimia 800 utaziona ngazi kwenye kingo za herufi. Pandisha maneno juu ya kila kitu kwenye mpangilio wa tabaka, ukiacha kivuli chini, kisha pandisha kipimo.

Kwenye Inkscape kuna mtego mwingine unaowapata vijana wa vyuo, wale wa SAUT na wa Bugando wanaoandika tasnifu kwa LaTeX. Dirisha la kutoa PDF linakupa njia tatu kwa maandishi: kupachika fonti, kugeuza kuwa michoro, au kuyatoa maandishi kwenye PDF na kuyaandika katika faili la pembeni ili LaTeX iyapange kwa fonti ya tasnifu yenyewe. Njia ya tatu ni nzuri sana kwa grafu. Mtu akiichagua bila kujua, PDF yake inatoka na mistari bila neno hata moja, akadhani fonti imeharibika. Haijaharibika, maneno yako kwenye lile faili la pili.

Kiarabu kinataka uangalifu wa pekee, na kadi za nikaha zinakihitaji. Herufi za Kiarabu huungana, na moja inaweza kuwa na hadi maumbo manne kufuatana na nafasi yake katika neno. Programu isiyojua kuziunga huziandika zimeachana, tena zikitoka kushoto kwenda kulia. Hili si kosa la PDF. Limetokea tayari kwenye mchoro. Mpe anayejua kusoma Kiarabu aipitie kazi kabla ya kuichapa. Kwa Bismillahi, Yunikodi ina herufi moja kamili, FDFD, inayobeba maneno yote. Fonti yenye umbo hilo inakuepusha na hatari ya kuvunja maneno matukufu.

Mambo mawili madogo kabla sijamaliza. Ukituma kazi kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikienda kama picha inabanwa na kila nililosema leo halina maana tena. Na fonti yenye uzito mmoja tu usiikolezee kwa kitufe cha herufi nzito: programu inaigiza unene kwenye kioo, na mara nyingi unene huo haufiki kwenye PDF.

Mwisho ni swali ambalo wengi hunijia nalo: mteja ameleta PDF ya zamani, faili la kazi limepotea, anataka tarehe ibadilishwe. Kwanza jaribu kuchagua maneno kwa kipanya. Yakichagulika, bado yako hai. Ifungue kwa Inkscape, na dirisha la kuingiza likitokea usichague njia ya Poppler, kwa sababu hiyo huyageuza maandishi kuwa maumbo. Chagua njia ya ndani ya Inkscape, inayojaribu kuyaacha yaharirike. Tarajia mistari iliyokatika vipande, na kumbuka kwamba fonti iliyopachikwa ni kipande tu: kama tarehe ya zamani haikuwa na 7, umbo la 7 halimo ndani ya faili, na itabidi uwe na fonti yenyewe kwenye kompyuta yako. Orodha ya Ctrl+D itakupa jina lake. Maneno yasipochagulika, aliyekutangulia aliyageuza michoro, nawe itabidi utambue fonti kwa macho na kuandika upya mstari mzima. Mtoze mteja gharama ya kazi hiyo, kisha mrudishie faili ambalo fonti zake zimepachikwa na maandishi yake yako hai, ili mwakani abadilishiwe tarehe kwa dakika tano.